Mlango wa Kijivu wa Mama Victoria

Baba mchungaji, baba mdogo Sifael na wazee wote wa ukoo, shemeji yetu Mwalimu Tumainieli uliyefiwa na mke, majirani wa hapa Same na ninyi mlioshuka kutoka milimani tangu alfajiri, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imemtuma Hezroni Eliezeri Mgonja, mdogo wake marehemu, fundi majokofu, huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, naye amekubali, ingawa wanaomjua wanajua kwamba ulimi wake haukuzaliwa kanisani, kwa hiyo pale atakapokosea adabu mumvumilie, na pale atakapokosea tarehe mumsahihishe.

Kabla hajaanza, kuna jambo ambalo familia haiwezi kulipita kimya. Tangu Jumatano watu wanaingilia uani, kando ya banda la mbuzi, na mlango wa mbele, ule wa chuma wa rangi ya kijivu, umefungwa, na minong'ono tumeisikia, kwamba tangu lini nyumba ya msiba ikafungwa mlango, na kwamba yule binti Salha aliyechukuliwa na marehemu kama mwanawe yuko wapi, mbona hata kulia hajaja. Jana wazee walitamka wazi kwamba mama mwenye nyumba hawezi kutolewa kwa uani kama maji machafu, na kwamba mlango ule usipofunguliwa, mkono wa mzee hautaligusa jeneza, na kwetu mnajua, jeneza lisiloguswa na mzee wa ukoo vijana hawaliinui. Wazee hawakusema vibaya, wamesema walivyofundishwa. Tunaomba tu historia hii isikilizwe mpaka mwisho, ndipo neno la mlango liamuliwe.

Marehemu Rogathe Eliezeri Mgonja alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Aprili 1961 huko Mbaga, milima ya Upare Kusini, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Eliezeri Mgonja na Mama Hedwiga, ambao wote wametutangulia. Baba yetu, kama wengi wenu mnavyokumbuka, alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la udongo na mawe lililojengwa na babu zetu kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yagawiwe mashambani kwa zamu, na kwa kuwa kifungua mimba wake alikuwa msichana, na msichana mwenyewe alikuwa hashikiki nyumbani, alimchukua kila asubuhi kwenda kukagua ukingo. Kazi ya mtoto ilikuwa kutafuta matundu, maana kaa mmoja akichimba tundu la kidole, ndiva nzima inaamkia kwa jirani wa bondeni, na akiliona alimwita baba, nao wakaliziba pamoja kwa udongo na magome ya mgomba. Baba alikuwa akisema kwamba maji hayabembelezwi, yanazibiwa, na maneno hayo Rogathe aliyabeba maisha yake yote, ila Mungu naye ana utani wake, kwani mtoto wa mtu aliyeyafungia maji ndani alikuja kuwa mtu wa kuyafungia nje.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969 katika shule ya msingi ya kijiji, akamaliza la saba mwaka 1975. Akiwa darasa la tano alimuuliza mama kwa nini chumvi ya jikoni inatoa machozi wakati wa masika, na mama akamjibu kama ambavyo kila mama hapa angejibu, kwamba tia punje za mchele mle ndani uache maswali. Rogathe hakuacha. Alichukua kikombe cha chumvi, akaenda nacho kwa karani wa ushirika wa kahawa, akamsihi aupime uzito asubuhi na tena jioni, na jioni uzito ulikuwa umeongezeka bila mtu yeyote kuongeza kitu, na karani akamfukuza akidhani anafanyiwa mazingaombwe. Alirudi nyumbani akiruka ruka, akawaambia wote waliokuwa wakitenga makande kwamba chumvi inakunywa maji kutoka hewani, na amelipima jambo hilo kwa mzani, si kwa maneno ya watu.

Alisoma sekondari mjini Moshi kuanzia 1976 hadi 1979, kidato cha tano na cha sita huko huko hadi 1981, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1982, kisha akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1983 na kuhitimu shahada ya kemia mwaka 1986. Septemba mwaka huo alikwenda Ujerumani kwa mafunzo ya miaka miwili ya kusafisha na kukausha chumvi za metali, na aliporudi Novemba 1988 alikuja na koti moja zito na sanduku moja la vyombo vya kioo ambalo hakumruhusu mtu alibebe, hata baba.

Sasa hizi chumvi zenyewe ni kitu gani, maana wengine mmekuwa mkisema Mama Victoria, ndivyo mlivyozoea kumwita marehemu, anauza chumvi, na mkimtumia watoto kuja kununua ya robo. Hizi si za mboga. Ni chumvi za magnesi, za zinki, za alumini na nyinginezo, kloridi na bromidi, zinazohitajiwa na watafiti wa betri, na watengeneza dawa, na wenye viwanda vya kuyeyusha metali nyepesi, na sharti lake ni kwamba ziwe safi kufikia tisini na tisa nukta tisa tisa tisa kwa mia, na ziwe kavu, kavu kabisa, pasiwe na maji hata ya kulowesha unyayo wa sisimizi. Shida ni kwamba zinapenda maji kuliko mlevi anavyopenda pombe, ukifungua kichupa tu zinaanza kunywa, na nyingine zikishakunywa huwezi kuziweka motoni ukazikausha kama mahindi, kwa sababu maji yanapotoka yanatoka na mvuke wa asidi, na kinachobaki si chumvi tena bali vumbi jeupe lisilo na kazi. Ndiyo maana marehemu alikuwa na msemo wake, kwamba ikishakunywa, imekunywa.

Tarehe 2 Januari 1989 aliajiriwa katika maabara moja Dar es Salaam, akatumika hapo miaka kumi na tisa. Ijumaa zote za miaka hiyo, kwa maelezo ya shemeji, alirudi nyumbani akiwa amenuna, kwa sababu chumvi zilizoagizwa ng'ambo zilifika zikiwa zimekwisha kunywa njiani, na watafiti walizitumia hivyo hivyo, na majibu yakatoka yanavyotaka yenyewe.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa takatifu huko Mbaga na Mwalimu Tumainieli Mshana, na Mungu akawajalia watoto wawili, Victoria aliyezaliwa tarehe 8 Oktoba 1991 na Elinami aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1994, wote wapo hapa mbele yenu. Shemeji ametuomba tuseme kwamba zawadi ya kwanza aliyopewa na mkewe ilikuwa mifuniko saba, kwa ajili ya sufuria zake za ukapera ambazo zote zilikuwa wazi, na kwamba kwa miaka thelathini na mitano ya ndoa hakuwahi kulala kabla ya kuulizwa kama amefunika maji. Wameishi vizuri. Waligombana, kama watu, lakini hakuna aliyewahi kuitwa kuja kuwasuluhisha, na hilo katika ukoo huu si jambo dogo.

Mwaka 2008 marehemu aliacha kazi kwa hiari yake, akatangaza kwamba atafungua karakana yake mwenyewe ya chumvi kavu, na ukoo ukafurahi, ukakaa kikao Mbaga tarehe 12 Julai, ukamtengea kiwanja chini ya kanisa na kuahidi msaragambo wa siku tatu wa kuchimba msingi. Akakataa. Wapo hapa ambao jambo hilo halijawatoka moyoni hadi leo, kwamba msomi wa kwanza wa kike wa ukoo aliikataa milima akaenda kujenga kwenye vumbi la Same, kwenye mkonge na miiba. Lakini hili nalo mlikumbuke, kwamba alikuja kikaoni na visosa vitatu vya chumvi ya zinki, akasema kimoja amekijaribu Dar es Salaam, kimoja amekijaribu Same, na kimoja atakijaribu mbele yenu, akakiweka mezani, na chai haijapoa, kile kisosa kikawa kimejaa maji, kwa ukungu wetu wenyewe wa Mbaga tunaousifia. Cha Same, alisema, kilikuwa kimekaa kikavu tangu asubuhi hadi watu wanakula mchana. Alisema hata Same si pakavu vya kutosha, ila pale mashine yake itapigana na adui mmoja, na Mbaga ingepigana na jeshi.

Karakana ilianza kazi Jumamosi tarehe 1 Agosti 2009, kwenye nyumba hii hii, upande wa barabarani. Nyuma ya mlango wa kijivu kuna kijichumba kidogo, halafu mlango wa pili, halafu chumba kikavu chenyewe, na sheria ni kwamba milango ile miwili haifunguliwi kwa pamoja hata siku moja, unaingia, unafunga wa nyuma yako, unasubiri mashine ivute unyevu ulioingia nao, ndipo unafungua wa mbele yako. Huyu anayewasomea ndiye aliyeifunga mashine ile ya kukamua hewa, na ndiye anayeitunza hadi leo. Ndani kuna tanuri, kuna mrija ambamo chumvi inapashwa moto katikati ya gesi inayoizuia isioze, kuna pampu, na kuna sanduku la kioo lenye glavu ambamo mikono ya mtu inaingia lakini hewa yake haiingii. Mwishoni kila kichupa kinachomewa mdomo kwa moto, kinabandikwa lebo, na kwenye lebo kuna jina la chumvi, usafi wake, tarehe, na herufi R.E.M. kwa mkono wake mwenyewe. Alisema lebo ni kiapo, na mtu anayeapa uongo kwenye karatasi ndogo atashindwaje kuapa uongo kwenye kubwa.

Tunafika mahali pagumu, na hapa ndipo familia ilipovutana Alhamisi kutwa nzima. Marehemu aliacha karatasi aliyoiandika tarehe 20 Aprili mwaka huu, ukurasa mmoja na nusu, akitaka isomwe kwenye historia yake, na ndani yake kuna sentensi moja ambayo wengine walitaka irukwe, maana msibani watu husifu. Haitarukwa. Inasema hivi, mnamo Mei 2016 niliharibu vichupa arobaini kwa kuacha mlango wazi, na binti wa watu nusura apoteze elimu yake kwa ajili yangu.

Hivyo ndivyo alivyoandika, na sasa sikilizeni ilivyokuwa. Mama yetu Hedwiga alifariki hapa Same Jumanne tarehe 10 Mei 2016, na Ijumaa tarehe 13 waombolezaji walijaa hapa kama leo, wakisubiri kupanda naye Mbaga kwa mazishi ya kesho yake. Rogathe alitangulia mlimani mchana ule kuandaa kaburi, akamwachia mdogo wake ufunguo wa mlango wa kijivu, akamwambia angalia tu mashine isizime. Ndani kulikuwa na sinia za kloridi ya magnesi zilizokuwa wazi, na vichupa arobaini vilivyojazwa lakini havijachomewa midomo, vikiwa vimezibwa kwa vizibo tu. Saa kumi mvua ikashuka, ile mvua ya Same inayokuja mara moja kwa mwaka kama yenye hasira, turubai likaanguka, sebule ikajaa, na wazee wa mlimani wakabaki wamesimama barazani wamelowa hadi mifupani, na mmoja wao akikohoa, na mtu akapaza sauti kuuliza ni msiba gani huu wenye chumba kikubwa kilichofagiliwa na wazee wananyeshewa.

Mdogo mtu akafungua. Milango yote miwili, na akaiegemezea mawe isijifunge. Waliingia watu kama hamsini, na miavuli yao, na kanga zao zinazochuruzika, na sufuria ya chai ya tangawizi ikaletwa ikatoa mvuke katikati ya chumba, na kila mtu akambariki, akaambiwa huyu ndiye mtoto aliyelelewa, na yeye akavimba kichwa. Hakujua? Alijua. Alikuwa fundi wa mashine ile, alijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, ila aliona haya kuwaambia wazee hapana, na kwetu sisi hapana kwa mzee ni neno zito kuliko gunia la mahindi. Mvua ilipokatika alikuta sinia zimekuwa uji. Akazimwaga, akapiga deki, akawasha mashine kwa nguvu zote, na vichupa arobaini akavitazama, akaona chumvi ni nyeupe na inamiminika vizuri kama kawaida, akajiambia hivi havikupata kitu, na dada aliporudi kutoka kuzika mama, hakumwambia neno. Jumatatu vikachomewa midomo. Vikabandikwa lebo, zikaandikwa R.E.M., vikaondoka.

Mwezi wa Oktoba ikaja barua kutoka kwa binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika chuo ambacho hatutakitaja, Salha Isihaka, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Kihurio, wa kwanza kwao kuvuka kidato cha nne. Betri zake za majaribio zilizofanya kazi vizuri mwanzoni mwa mwaka zilikuwa zimekataa kabisa tangu Juni, amezirudia mara kumi na moja, na walimu wake sasa walikuwa wakisema matokeo ya kwanza aliyapika, na wamemwita mbele ya jopo tarehe 9 Novemba ajieleze au aondoke. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, kwa heshima, kama mama anaweza kumwelekeza anakosea wapi.

Rogathe alivunja kichupa cha akiba cha Mei, akakipima, akakaa chini. Halafu akamwita mdogo wake, akamwekea kipimo mbele, na mdogo wake akasema yote akiwa amesimama, na baada ya kusema akaomba aende yeye mbele ya jopo. Dada akamjibu kwamba ufunguo ulikuwa wake, na anayempa mtu ufunguo bila kumfundisha kusema hapana ndiye mwenye kosa. Tarehe 9 Novemba alisimama mbele ya maprofesa sita akiwa na vichupa viwili, cha Februari na cha Mei, akatia chumvi ya kila kimoja kwenye mrija wake wa kioo, akaupasha moto mbele yao, na mrija wa Februari ukabaki mkavu, na wa Mei ukatoa jasho shingoni, na karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi, aliyoishikilia mdomoni mwa mrija huo ikageuka nyekundu. Akawaambia huyu binti hakupika kitu, mimi ndiye niliyempa chumvi yenye maji na lebo inayosema haina. Salha alirudishiwa muda wake, akamaliza, na Januari 2018 alishuka basi hapa stendi na begi moja akasema amekuja kujifunza kufunga mlango.

Vile vichupa vingine marehemu alivifuata kimoja kimoja, kwa barua na kwa miguu yake, miezi tisa, na thelathini na saba vilirudi. Vimepangwa kwenye rafu sebuleni, mmeviona, mmedhani ni mapambo. Kila mfanyakazi mpya siku ya kwanza alisimamishwa mbele ya rafu ile na kuambiwa hii ni kazi yangu mimi. Na watu wakasema, ndugu zake wenyewe, kwamba huyo mama alikuwa akihesabu chumvi wakati mama yake amelala kwenye jeneza, na bado akasahau mlango. Mdogo wake aliyasikia maneno hayo, zaidi ya mara moja, kikombe cha chai kikiwa mkononi, na akanywa chai yake. Miaka tisa.

Basi ndugu waombolezaji, dada huyu aliyebandika lebo zaidi ya elfu kumi na moja, na akazifuata zile za uongo mpaka akazirudisha, ameacha nyuma yake lebo moja isiyo ya kweli, ile sentensi ya karatasi yake, na ameiacha kwa makusudi, kwa ajili ya kumstiri mtu. Familia imeona isizikwe nayo. Aliyeacha mlango wazi ni Hezroni, huyu anayewasomea, na anaomba radhi mbele ya jeneza la dada yake, na mbele ya mlango wenyewe.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka Agosti 2023 kwa maumivu ya tumbo na mgongo, na baada ya vipimo katika hospitali ya rufaa Moshi, tarehe 6 Februari 2024 aliambiwa kuwa ana saratani ya kongosho. Wapo waliosema ni zile chumvi zake. Madaktari waliulizwa, wakasema hawaoni sababu ya kudhani hivyo, na marehemu mwenyewe alisema kama chumvi zingekuwa zinaua hivyo, Hezroni angekufa kwanza kwa kuzembea kuvaa barakoa. Alipata matibabu kwa zaidi ya mwaka, akafanya kazi hadi mwisho wa Mei, miguu ikikataa anaketi kwenye kigoda mbele ya sanduku la glavu.

Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 aliagiza tanuri liwashwe kwa oda ya vichupa sitini ya vijana watafiti wa vyuo vitatu, kazi isiyosimama katikati, siku sita tangu moto wa kwanza hadi kichupa cha mwisho. Jumanne alimwita mdogo wake kitandani, akamtia ufunguo wa mlango wa kijivu kiganjani, akamkunja vidole, akamwambia safari hii utawaambia hapana. Na kwenye nusu ile ya ukurasa, chini kabisa, ameandika kwamba kazi isikatizwe kwa ajili yake, na kwamba jeneza halienei kati ya milango miwili, amelipima, likipita itabidi yote ifunguliwe kwa pamoja, kwa hiyo nipitisheni uani, mimi mwenyewe nimekubali. Alifariki hapa nyumbani Jumatano tarehe 4 Juni 2025 saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mwalimu, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Mnauliza Salha yuko wapi. Hiyo ngurumo mnayoisikia tangu asubuhi si jenereta ya vipaza sauti, ni pampu, na Salha yuko upande wa pili wa ukuta huu, amemlilia huko huko siku tatu, anachomea midomo ya vichupa, na kwa hesabu yake cha mwisho atakifunga saa kumi jioni, wakati sisi tutakuwa tumeshamlaza dada Mbaga. Hakumkimbia mama yake. Yeye ndiye aliyebaki naye kazini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Moshi na wa hapa Same waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika na kuteka maji tangu Jumatano na kuingilia uani bila kisirani, usharika na kwaya, wafanyakazi wenzake wa zamani waliofika kutoka Dar es Salaam, wazee wa Kihurio mliokuja na Mzee Isihaka na magunia yenu ya mpunga, na wafanyakazi wanne wa karakana, ambao tutawaona jioni. Tulioshindwa kuwataja, tumewaona.

Baba mdogo Sifael, mgeni wa mvua ile. Mzee aliyekuwa akikohoa barazani mwaka 2016 ulikuwa wewe, na mtoto wa kaka yako alikufungulia kwa kukuonea huruma na kwa kukuogopa, na hukuambiwa kulikuwa na nini ndani, kwa hiyo huna kosa lolote. Leo anakuambia hapana, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ufunguo uko mfukoni mwake, na hautoki. Mwenye nyumba amekubali kupita kando ya banda la mbuzi, nasi ni nani tudai mlango wa mbele kwa niaba yake. Vijana wamekwisha kushika mishikio mitano, na wa sita, wa mbele kulia, ameachiwa mkono wako, na hawatainua mpaka uuguse.

Pumzika kwa amani, dada Rogathe. Mlango umefungwa.